Nasikia Sauti, Sielewi Maneno: Maswali Yenu Kuhusu Kelele na Neva ya Kusikia

Barua tulizozichagua kwa ajili ya safu hii zimeandikwa na watu wa umri na kazi tofauti, lakini zote zinarudi kwenye jambo moja: kelele ikizidi, ni nini hasa kinachoharibika kati ya kinywa cha msemaji na akili ya msikilizaji? Nimelitanguliza swali linalohitaji maelezo marefu kuliko mengine, kwa sababu majibu yanayofuata yanalitegemea.

Ndugu mtaalamu, kazini kwetu kuna mashine inayonguruma mchana kutwa. Ikizimwa, namwelewa mwenzangu hata akisema kwa sauti ya chini. Ikiwashwa, namwona akifumbua kinywa, sauti yake inanifikia, lakini maneno yananipita. Je, kelele inaimeza sauti hukohuko hewani, au masikio yangu ndiyo yanayoshindwa? (Fundi mitambo)

Ndugu fundi, hewani hakuna kinachomezwa. Mawimbi mawili ya sauti yanapokutana hujumlishwa kwa kitambo, kisha kila moja huendelea na safari yake bila kupungukiwa na kitu. Kinachofika kwenye kiwambo cha sikio lako ni jumla ya mngurumo na sauti ya mwenzako, vyote viwili vikiwa kamili. Upungufu unaanzia ndani zaidi, pale mtikisiko unapogeuzwa kuwa ishara za umeme, na wala si kwamba masikio yako yana kasoro: sikio la mamalia yeyote, liwe zima kiasi gani, lina mipaka ya namna hiyo.

Katika sikio la ndani kuna koklea, mrija mwembamba uliojaa majimaji na kujikunja mizunguko miwili na nusu, ambao kwa binadamu ukinyooshwa hufikia milimita 35 hivi. Ndani yake umetandazwa utando unaotikisika kwa mpangilio maalumu: sauti nyembamba huutikisa zaidi karibu na mlango wa koklea, na sauti nene huutikisa zaidi kuelekea mwisho wake. Georg von Békésy, aliyeyachunguza mawimbi yanayosafiri juu ya utando huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Juu ya utando zimepangwa seli zenye vinywele, nazo ni za aina mbili. Zile za nje, zipatazo 12,000 katika kila sikio, hurefuka na kufupika kwa kuifuata sauti, na kwa njia hiyo huukuza mtikisiko dhaifu; zile za ndani, ambazo ni kama 3,500 tu, ndizo zinazopeleka habari kwenye neva. Seli moja ya ndani huhudumiwa na nyuzi kumi hivi za neva kwa binadamu, na ishirini au zaidi kwa paka, lakini kila uzi kwa kawaida hugusa seli moja tu, mahali pamoja tu, kwenye kiungio kidogo kiitwacho sinapsi. Neva nzima ya kusikia ya binadamu ina nyuzi zipatazo 30,000. Ni idadi ndogo mno ukizingatia kwamba neva ya jicho ina nyuzi kama milioni moja, na kwamba kila neno ulilowahi kulisikia kwa sikio hilo limepita hapo.

Uzi mmoja una njia moja tu ya kusema: pigo fupi la umeme. Hauwezi kutoa pigo kubwa kwa sauti kubwa na pigo dogo kwa sauti ndogo; unachoweza kubadili ni idadi ya mapigo katika sekunde na wakati wa kuyatoa. Tuchukue mfano wa uzi mwepesi wa kuitikia, uliokaa mahali panapopokea sauti ya hezi 2,000, yaani mitikisiko 2,000 kwa sekunde. Kukiwa kimya kabisa utakuwa ukipiga, tuseme, mara 60 kwa sekunde bila kuchochewa na sauti yoyote. Uuletee sauti moja safi ya hezi 2,000, na mapigo yataanza kuongezeka. Endelea kuikuza sauti hiyo kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 au 30, na mapigo yatafika 250 hivi na kugota hapo. Tangu hapo, hata sauti iongezwe namna gani, uzi huo hauna la ziada la kutoa. Usikivu wetu kwa jumla unaenea katika desibeli 120 hivi, kuanzia sauti hafifu kuliko zote hadi ile inayoumiza, ilhali uzi wa aina hii unatambua tofauti ndani ya kipande cha desibeli 20 hadi 40 tu.

Sasa washa mashine. Mngurumo wake una masafa mengi, yaani kasi nyingi tofauti za mtikisiko, kwa pamoja, na baadhi yake yanaangukia papo hapo kwenye hezi 2,000. Uzi wetu unapanda kutoka mapigo 60 hadi, tuseme, 180 kabla mwenzako hajasema neno. Ni kama mizani ya kilo 50 iliyokwisha kuwekewa mzigo wa kilo 40 usioondoleka: bado inapima, lakini nafasi iliyobaki ni ya kilo kumi tu. Sauti ya mwenzako inapofika inaongeza mapigo machache juu ya yale 180, na kwa kuwa mapigo ya uzi hayatokei kwa hesabu kamili bali hupanda na kushuka kidogo kila wakati, ongezeko hilo dogo hupotea katika kupanda na kushuka huko.

Tatizo la pili ni uchovu wa sinapsi. Kila seli ya ndani ina akiba yenye kikomo ya kemikali ya kupelekea ujumbe, na kelele isiyokoma huitumia akiba hiyo mfululizo, kwa hiyo hata kikomo cha juu cha mapigo kinashuka. Uzi uliokuwa ukifika 250 sasa unaishia chini ya hapo. Kiwango cha kuanzia kimepanda, kiwango cha mwisho kimepungua, na sauti ya mwenzako imebanwa katikati.

La tatu halijulikani sana, nami naliona kuwa ndilo la ajabu kuliko yote. Kelele inaweza kuupunguza mwitikio wa uzi kwa sauti ya mtu hata pale ambapo kelele yenyewe, ikiwa peke yake, haiuchochei uzi huo hata kidogo. Chanzo chake hakiko kwenye neva bali kwenye utando: seli za nje, zilizokuwa zikiikuza sauti dhaifu, hushughulishwa na kelele ya masafa ya jirani, na uwezo wao wa kukuza unapungua. Uzi hauoni kelele. Unachopata ni sauti iliyokwisha kudhoofishwa njiani.

Kwa mashine kama yenu kuna jambo jingine la kuongeza. Mngurumo mwingi una nguvu zaidi kwenye sauti nene, na wimbi la sauti nene, kabla ya kufika mwisho wa koklea mahali pake, hulazimika kupita kwanza katika eneo la sauti nyembamba. Kwa sababu hiyo sauti nene ikiwa na nguvu hufunika sauti nyembamba kuliko sauti nyembamba inavyoweza kuifunika nene, jambo ambalo watafiti Wegel na Lane walilipima kwa makini mwaka 1924. Irabu zina nguvu na zinachukua muda. Konsonanti kama t, k, p, s na f ni fupi, ni dhaifu, na sehemu kubwa ya alama zinazozitambulisha imo katika masafa ya juu. Ndiyo maana unaweza kuufuata mdundo wa sentensi ya mwenzako tangu mwanzo hadi mwisho, ukazisikia irabu zake zote, na bado usiwe na hakika kama alisema "kata", "pata" au "tata".

Isingekuwa haki kuishia hapo, kwa sababu neva haipokei hasara hii bila kujitetea. Mwaka 1984 watafiti Costalupes, Young na Gibson walionyesha kwa paka kwamba kelele inayoendelea huusogeza upeo wa kazi wa uzi, yaani kile kipande cha desibeli ambamo unatambua tofauti: kwa kila desibeli moja ya kelele iliyoongezwa, upeo huo ulipanda kwa wastani wa desibeli 0.6 hivi. Maana yake ni kwamba uzi unaacha kushughulika na sauti ndogo ambazo kelele ingezifunika kwa vyovyote, na badala yake unajiwekea nafasi kwa sauti zinazoizidi kelele. Marekebisho hayo hayatoshi kuifidia kelele yote, lakini bila hayo nyuzi nyingi zingekuwa zimegota kabisa katika mazingira ambamo sasa hivi tunazungumza bila taabu.

Utetezi mwingine umo katika wakati wa mapigo. Kwa sauti zisizozidi hezi 4,000 au 5,000 hivi, nyuzi huwa zinapiga kwa kufuatana na mzunguko wa wimbi lenyewe, hivi kwamba mtu akipima muda uliopita kati ya pigo na pigo anaweza kuyatambua masafa ya sauti hata kama idadi ya mapigo imekwisha kugota. Murray Sachs na Eric Young, walioichunguza neva ya paka iliyosikilizishwa irabu, waliona kwamba ukihesabu mapigo peke yake, vilele (masafa yenye nguvu zaidi) vinavyoitofautisha irabu moja na nyingine hufifia sauti inapokuwa kubwa au kelele inapoongezwa. Lakini ukizingatia mapigo yametokea lini, vilele hivyohivyo hubaki dhahiri kwa muda mrefu zaidi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa inayofanya irabu za mwenzako zikufikie salama huku konsonanti zake zikipotea.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa baiolojia. Kila ninapotafuta habari za neva ya kusikia nakutana na paka. Kwa nini paka, na je, matokeo yake yanatuhusu sisi binadamu?

Marahaba, mwanangu. Ili kuusikiliza uzi mmoja inabidi kufungua fuvu na kuingiza ndani ya neva kijiti cha kioo chenye ncha nyembamba kuliko unywele, kazi ambayo haiwezi kufanywa kwa mtu mzima wa afya kwa ajili ya utafiti tu. Paka alichaguliwa kwa sababu usikivu wake ni mzuri katika masafa tunayoyatumia sisi, na pia neva yake inafikika. Mwaka 1965 Nelson Kiang na wenzake, huko Massachusetts nchini Marekani, walichapisha vipimo vya nyuzi nyingi za paka, mmoja mmoja, na kazi hiyo ikawa msingi wa karibu kila kilichofuata.

Katika msingi huo, mwaka 1978 Charles Liberman aligawanya nyuzi za paka katika makundi matatu kulingana na idadi ya mapigo wakati wa kimya. Kama asilimia 60 hupiga zaidi ya mara 18 kwa sekunde hata pasipo sauti. Hizi ndizo nyepesi za kuitikia, na uzi niliomweleza fundi ni wa kundi hili. Kama asilimia 25 ziko katikati. Asilimia 15 zilizobaki karibu hazipigi kabisa kukiwa kimya, chini ya pigo moja kwa sekunde mbili, na zinahitaji sauti kubwa zaidi ili ziamke. Naomba ulikumbuke kundi hili la mwisho. Kwa kuwa zinachelewa kuamka, kelele ya kiasi haizichochei sana. Na zikiisha kuamka, upeo wake ni mpana, hazigoti haraka. Nyuzi nyepesi zinapokuwa zimeshikwa na kelele, hizi nzito bado zina nafasi ya kueleza kwamba kuna sauti nyingine juu yake. Seli moja ya ndani inaweza kuhudumiwa na nyuzi za makundi yote matatu, kwa hiyo mahali palepale pa koklea pana mashahidi wa aina mbalimbali kwa sauti ileile.

Kuhusu binadamu: muundo wa koklea, aina mbili za seli, sinapsi na mpangilio wa masafa ni vilevile kwa mamalia wote waliochunguzwa. Kinachotofautiana ni vipimo. Paka husikia sauti nyembamba sana ambazo sisi hatuzisikii, kwani mwisho wetu ni hezi 20,000 hivi. Neva yake ina nyuzi kama 50,000 kwa 30,000 zetu. Kwa hiyo chukua kanuni kutoka kwa paka bila hofu, lakini usiihamishe kila tarakimu.

Je, ubongo hauna njia ya kuliambia sikio lipuuze kelele? Au sikio linapeleka tu kila kitu na kuuachia ubongo uchambue? (Msomaji wa siku nyingi)

Ninafurahi umeuliza, kwa sababu watu wengi huifikiria neva ya kusikia kama njia ya upande mmoja, na sivyo ilivyo. Mwaka 1946 Grant Rasmussen alieleza kifungu cha nyuzi zinazotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi ndani ya koklea. Sehemu ya nyuzi hizo hufika moja kwa moja kwenye seli za nje, zile zinazokuza mtikisiko, na zikifanya kazi hupunguza ukuzaji. Robert Galambos alipozichochea kwa umeme mwaka 1956, aliona mapigo ya neva ya kusikia yakipungua.

Mtu anaweza kuuliza kuna faida gani kupunguza usikivu wakati tayari unashindwa kusikia, na hapa ndipo jambo linapovutia. Rudi kwenye ule uzi uliokuwa umepandishwa na kelele hadi mapigo 180 na kuchoshwa. Ukipunguza ukuzaji, mwitikio wake kwa kelele hafifu inayoendelea hushuka sana, na sinapsi inapata nafasi ya kurudisha akiba yake. Sauti fupi iliyo na nguvu zaidi ya kelele inapokuja, kwa mfano silabi, haipunguzwi kwa kiasi kilekile, na inaukuta uzi ukiwa na nafasi ya kupanda. Mwaka 1987 Winslow na Sachs walionyesha kwa paka kwamba kuzichochea nyuzi hizi za kushuka, huku kelele ikiendelea, kunaurudishia uzi sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutofautisha sauti ndogo na kubwa. Katika ukimya uchochezi huohuo hupunguza tu usikivu. Ni utaratibu unaofaa pale tu penye kelele, na mwili unauwasha wenyewe kelele inapokuwapo.

Kuna pia msuli mdogo katika sikio la kati, uliojishikiza kwenye mfupa mdogo kuliko yote mwilini, ule wenye umbo la kikuku cha mpanda farasi. Sauti ikifika desibeli 80 au 90 hivi, msuli huo hujikaza na kuupunguza mtikisiko unaoingia, hasa wa sauti nene. Kwa kuwa sauti nene ndizo zinazozifunika nyembamba, kama nilivyomweleza fundi, faida yake kwa konsonanti ni kubwa.

Baada ya hapo ndipo zinapokuja kazi za ubongo wenyewe, kama kulinganisha masikio mawili ili kujua nani anazungumza upande gani, na kukisia neno lililopotea kutokana na sentensi nzima. Zina nguvu kubwa, lakini zinafanya kazi kwa kile tu ambacho neva imeweza kukipitisha.

Nimepiga gitaa kwenye bendi kwa miaka mingi. Nimepimwa masikio na kuambiwa kwamba hayana tatizo. Lakini kwenye mkusanyiko wa watu sielewi maneno, na mke wangu anadhani simsikilizi makusudi. Je, inawezekana kipimo kikakosea? (Mpiga gitaa)

Ndugu yangu, nakusadiki, na ninaomba mkeo asome jibu hili pamoja nawe. Kipimo hakikukosea, kilijibu swali jingine. Kipimo cha kawaida hufanyika katika chumba kimya, kwa sauti moja moja safi, na kinauliza ni sauti ndogo kiasi gani unaweza kuitambua. Ili kuitambua sauti ndogo katika ukimya zinatosha seli za nje zilizo nzima na nyuzi nyepesi chache mahali panapohusika. Wanyama wa maabara waliopoteza sehemu kubwa ya nyuzi au ya seli za ndani wameendelea kuonyesha matokeo mazuri katika kipimo cha namna hiyo.

Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman walichapisha utafiti ambao umebadilisha namna tunavyoitazama kelele. Waliwaweka panya katika kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Usikivu wao ulishuka, kisha katika muda wa wiki mbili hivi ukarudi ulivyokuwa, na seli zote zenye vinywele zikakutwa zikiwa hai. Kwa kanuni za zamani panya hao wangeandikwa kwamba wamepona. Lakini walipozihesabu sinapsi kati ya seli za ndani na nyuzi za neva, katika eneo la sauti nyembamba karibu nusu zilikuwa zimetoweka na hazikurudi, na katika miezi iliyofuata nyuzi zilizokatika zikaendelea kufa polepole. Mwaka 2013 Furman, Kujawa na Liberman waliona kwa simbilisi kwamba zinazopotea zaidi kutokana na kelele ya namna hiyo ni zile nyuzi nzito, zinazokaa kimya pasipo sauti. Umeona sasa kwa nini nilimwomba mwanafunzi azikumbuke. Ndizo zinazotubakia tukiwa kwenye kelele, nazo hazihitajiki hata kidogo katika chumba cha kipimo.

Kwa binadamu aliye hai sinapsi hizi haziwezi kuhesabiwa, na watafiti wanabishana ni kwa kiasi gani malalamiko kama yako yanatokana nazo. Uchunguzi wa masikio ya watu waliofariki umeonyesha kwamba miunganisho ya neva hupungua kadiri umri unavyoendelea, mara nyingi zaidi kuliko seli zenyewe zinavyopungua. Kwa hiyo siwezi kukuandikia ugonjwa kwa njia ya barua, na zipo sababu nyingine zinazoleta shida kama hiyo. Ninachokushauri ni urudi kwa mtaalamu wa usikivu na umwombe akupime uelewa wa maneno ndani ya kelele, kipimo ambacho ni tofauti kabisa na kile ulichofanyiwa. Mweleze pia miaka uliyokaa mbele ya vipaza sauti.

Na kama bado unapiga gitaa, vaa vizibo vya masikio kuanzia sasa. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu: 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Viwango hivyo viliwekwa kwa kuangalia usikivu wa chumba kimya, kabla hasara ya sinapsi haijajulikana, kwa hiyo mimi ningevichukulia kuwa mwisho wa mbali, si mahali salama pa kukaa.

Mwanangu ana miaka saba. Mwalimu anasema darasani hafuati maelekezo, lakini nyumbani tukiwa wawili anaelewa kila kitu. Je, nimpeleke hospitali? (Mama wa mtoto)

Mama, mpeleke apimwe masikio, kwa sababu majimaji katika sikio la kati ni jambo la kawaida kwa watoto, yanatibika, na hujificha kwa urahisi. Lakini hata akikutwa mzima, usishangae. Koklea ya mtoto hukomaa mapema, ilhali uwezo wa kutenganisha maneno na kelele unaendelea kukua hadi karibu na ujana. Mtu mzima anaweza kufuata mazungumzo yaliyolingana na kelele kwa nguvu, kwa kuwa anaijua lugha na anajaziliza. Kwa darasa la watoto wadogo hupendekezwa sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15. Mwombe mwalimu amketishe mbele, mbali na dirisha na mlango. Mahali pa wazi, kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kwa desibeli 6; ndani ya chumba faida ni ndogo kidogo kwa sababu ya mwangwi, lakini bado ni faida.

Nilinunua kifaa cha kusaidia kusikia. Nyumbani kinanifaa sana. Penye watu wengi nakivua, kwa maana kinaniletea kelele zaidi kuliko maneno. Je, nimeuziwa kibovu? (Mzee mstaafu)

Mzee wangu, huenda kifaa ni kizima kabisa. Kazi yake ya kwanza ni kukuza, nacho hukuza kila kinachoingia, maneno na kelele kwa pamoja, hivyo uwiano kati yao haubadiliki. Seli za nje zikiwa zimepungua, zile nyuzi za kushuka kutoka ubongoni nazo hazina tena cha kurekebisha, na masafa yaliyokuwa yakitenganishwa vizuri kwenye utando sasa yanaingiliana. Kifaa hakiwezi kuyarudisha hayo.

Yapo yanayosaidia, hata hivyo. Mwulize aliyekutengenezea kama kifaa chako kina maikrofoni zinazoelekea mbele, na kama zimewashwa. Zikiwashwa, keti ukiwa umeipa kelele mgongo na umtazame msemaji. Vaa viwili kama masikio yote mawili yamepungua. Kwa mkutano au mahali pa ibada, maikrofoni ndogo inayovaliwa na msemaji na kupeleka sauti yake moja kwa moja kwenye kifaa chako huleta nafuu kubwa kuliko marekebisho mengine yote, kwa sababu huichukua sauti kabla kelele haijachanganyika nayo. Na jamaa wanaozungumza nawe waombe wakusogelee na kukukabili, kisha waseme polepole. Kupaza sauti kutoka chumba cha pili hakutakusaidia, kwa maana anayepaza sauti hurefusha na kukuza irabu, na unachokikosa wewe ni konsonanti.